Kumlea Vizsla: Mwongozo wa Mbwa wa Kuwinda Mwenye Nguvu Nyingi

Vizsla ni mbwa wa kuwinda kutoka Hungaria. Rangi yake ni ya dhahabu iliyokolea ikielekea kutu, mwili mwembamba wenye misuli, masikio marefu ya kuning'inia. Dume husimama sentimita 58 hadi 64 begani, jike 54 hadi 60, na wengi wana uzito wa kilo 20 hadi 30. Akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 14. Wengi wanaomtaka huvutiwa na umbo hilo, kisha wanaambiwa kwamba anahitaji uwanja mkubwa. Ushauri huo una kasoro. Vizsla halelewi na uwanja, hulelewa na mtu. Mpe eka nzima ya nyasi, kisha uingie ndani na kufunga mlango: atakaa mlangoni akikusubiri, na akichoka kusubiri ataanza kuutafuna.

Kwanza elewa kazi aliyozaliwa kuifanya

Wahungaria walimfuga mbwa huyu ili amsaidie mwindaji anayetembea kwa miguu mbugani na mashambani akitafuta ndege na sungura. Mbwa mmoja alipaswa kufanya kazi tatu: kuitafuta harufu, kuonyesha mahali ndege alipojificha, na kumleta ndege akishapigwa. Kwa hiyo walipendelea mbwa anayefanya kazi karibu na mtu, anayegeuka kila mara kumtazama mwenzake kabla ya kuendelea. Miaka mingi ya kuchagua mbwa wa namna hiyo imetupa huyu wa leo, anayekufuata kutoka chumba hadi chumba, anayelala akiegemea mguu wako na anayeamka ukiamka. Mwenye kuudhiwa na jambo hilo atafute mbwa mwingine, kwa sababu halifundishiki likatoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mbwa hawa walikaribia kutoweka, na waliosalia walitokana kwa sehemu na wale waliovushwa mipaka na wakimbizi. Marekani ilianza kuwapata mwaka 1950, na American Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Marekani, ikawasajili kama aina kamili mwaka 1960. Yupo pia ndugu yake mwenye manyoya magumu kama waya, aliyezalishwa kuanzia miaka ya 1930 kwa kuchanganya na mbwa wa Kijerumani. Huyo huhesabiwa kuwa aina ya peke yake, ingawa mengi ya mwongozo huu yanamfaa.

Tabia mbili utaziona mapema sana. Ya kwanza ni kuonyesha: mbwa akipata harufu ya ndege husimama ghafla, mkia umenyooka, mara nyingi mguu mmoja wa mbele umekunjwa juu, pua imeelekea kule harufu inakotoka. Mtoto wa miezi miwili anaweza kufanya hivyo mbele ya unyoya tu. Ya pili ni kubeba. Mdomo wake ni mlaini, umechaguliwa ili alete ndege bila kumchana, na hautulii ukiwa mtupu. Atakupokea mlangoni na kiatu, soksi au mto. Huo si wizi, basi usimkimbize. Badilishana naye: mpe kitu anachoruhusiwa, umsifu, uchukue kiatu chako.

Hatua ya 1: Jipime wewe kabla ya kumpima mbwa

Nani atakuwa nyumbani mchana? Ukijibu kwamba wote huondoka asubuhi na kurudi jioni, na hakuna wa kuja kumtoa, nakushauri usimchukue. Mbwa aliyekomaa na kuzoeshwa anaweza kubaki peke yake kwa saa nne hivi. Mtoto wa miezi miwili hata saa mbili ni nyingi kwake. Vizsla anayeachwa kupita kiasi hulia, huchimba, hujilamba miguu hadi ikawa na vidonda, na kuna wengine huvunja kucha na meno wakijaribu kutoka. Watu humwita mtundu, lakini ukweli ni kwamba ana hofu.

Swali la pili: je, uko tayari kutoka naye kila siku, mvua ikinyesha na siku ambazo hujisikii? Miaka mitatu ya kwanza haina likizo. Swali la tatu ni la wenye watoto wadogo. Vizsla ni mpole kwa watoto, ila akiwa kijana huruka na kugonga bila kukusudia, na mtoto wa miaka miwili huanguka. Watakaa pamoja vizuri mradi mtu mzima yupo akiwatazama.

Hatua ya 2: Chagua mtoto wa mbwa kwa kuwaangalia wazazi

Nenda ukamwone mama pamoja na watoto wake. Mama akijificha au akitetemeka mbele ya wageni, ondoka, hata kama watoto ni wazuri kiasi gani. Woga hurithiwa na hufundishwa pia. Muulize mfugaji mambo haya bila haya: wazazi wamepigwa picha ya eksirei ya nyonga? Macho yao yamekaguliwa? Kuna kifafa katika ukoo? Kuna ndugu aliyewahi kupata ugonjwa wa misuli au wa ngozi? Mfugaji mwema hufurahia maswali hayo, naye atakuuliza ya kwake.

Pua ya Vizsla halisi hufuata rangi ya mwili, kahawia au ya nyama. Pua nyeusi ni dalili ya damu nyingine. Alama ndogo nyeupe kifuani inakubalika. Macho ya watoto huwa ya bluu mwanzoni, kisha hukolea yakafanana na manyoya, kwa hiyo usishtuke. Mkia wake kwa desturi ulikatwa sehemu ndogo ya ncha, lakini nchi kadhaa sasa zimepiga marufuku, na mkia mzima haumpunguzii mbwa chochote.

Usimchukue kabla ya wiki nane. Uliza pia kama ukoo ni wa kuwinda au wa maonyesho. Ukiwa huna nia ya kuwinda, omba mtoto mtulivu kuliko wote, wala usimchague yule anayekurukia wa kwanza.

Hatua ya 3: Miezi ya kwanza nyumbani

Andaa mahali pa kulala ndani ya nyumba. Vizsla hana manyoya ya pili ya chini yanayozuia baridi, na banda la nje humwumiza mwili na roho. Kizimba chenye blanketi, kikiwekwa karibu na kitanda chako kwa wiki za mwanzo, hufanya usiku upite kwa amani. Mlango ubaki wazi mchana, umpe chakula humo, asije akapaona kama gereza.

Haja: mtoe kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, mahali palepale. Akimaliza, msifu hapohapo. Akikosea ndani, safisha ukanyamaze. Mbwa huyu ukimkaripia kwa hilo hujifunza kujificha tu.

Kuuma kutakuchosha. Meno ya mtoto wa Vizsla ni kama sindano na hamu yake ya kutumia mdomo ni kubwa kuliko ya mbwa wengi. Akikuuma, simamisha mchezo, mpe kitu cha kutafuna, na ukiona anazidi kupandwa na wazimu wa jioni, elewa kwamba amechoka. Mlaze. Mtoto wa umri huo anahitaji kulala saa 16 hadi 18 kwa siku, na mwingi wa ukorofi wake hutokana na kukosa usingizi.

Kipindi cha kuizoea dunia hufungwa mapema, karibu wiki ya 14. Kabla ya hapo mpitishe polepole kwenye sauti, magari, sakafu zinazoteleza, wazee, watoto, watu wenye kofia, mbwa waliokomaa walio wapole na waliochanjwa. Chanjo za mwanzo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kabla hazijakamilika, mbebe mikononi badala ya kumweka chini mahali mbwa wengi wasiojulikana wanapopita. Ataona na kusikia bila kukanyaga.

Kwa anayetaka kuwinda naye: usimpeleke mahali pa risasi eti azoee. Vizsla wengi wameharibiwa kwa siku moja namna hiyo. Sauti ianze mbali na iwe ndogo, mbwa akiwa anashughulika na jambo analolipenda, na isogezwe karibu kwa wiki nyingi.

Na tangu siku ya kwanza mfundishe kubaki peke yake. Funga mlango sekunde chache, rudi bila shamrashamra. Kisha dakika moja, mbili, tano. Ukiahirisha hili hadi siku unayolazimika kuondoka, umechelewa.

Hatua ya 4: Mazoezi, pua na kupumzika

Hapa ndipo wengi hupotea, na mara nyingi kwa nia njema. Wanaambiwa mbwa ana nguvu nyingi, basi wanamkimbiza. Anarudi na nguvu zilezile. Wanaongeza kilomita. Baada ya miezi sita wana mwanariadha ambaye hachoki kabisa na hajui kukaa. Miguu ikizoeshwa peke yake hukua peke yake. Anayemchosha Vizsla ni pua yake, na kinachomtuliza ni kufundishwa utulivu kama unavyomfundisha kukaa chini.

Kwa mtoto, weka mipaka. Ncha za mifupa yake bado ni laini hadi afikishe takribani miezi 14 hadi 18. Kabla ya hapo asikimbizwe kando ya baiskeli, asirushwe mpira mara hamsini kwenye lami, asiruke kutoka juu. Matembezi mafupi kadhaa kwenye nyasi, kwa mwendo wake mwenyewe, yanamtosha.

Mbwa aliyekomaa anahitaji saa moja hadi mbili kwa siku, na sehemu ya muda huo awe huru bila kamba mahali salama. Gawanya hivi: asubuhi akimbie akizunguka apendavyo, jioni mtembee polepole ukimwachia anuse. Dakika ishirini za kunusa kila kichaka si uvivu, ni kazi.

Kisha ongeza michezo ya pua. Anza kwa kumwagia sehemu ya chakula chake kikavu kwenye nyasi, akitafute punje kwa punje. Akielewa, buruta kipande cha nyama chini kwa hatua ishirini, ukifiche mwishoni, kisha mlete mwanzo wa njia umwambie "tafuta". Wiki zikipita, ongeza kona, ongeza urefu, acha njia ikae nusu saa kabla ya kumleta. Baadaye ficha kifurushi cha kitambaa mahali asipoona na umtume akilete. Anza na upepo ukivuma kuelekea kwake, ili harufu imfikie, na utamwona akiinua kichwa na kugeuka ghafla. Kumtazama Vizsla akisoma upepo ni mojawapo ya furaha kubwa za kuwa naye. Nadhani kila mwenye mbwa huyu, mwindaji au la, ana deni la kumpa kazi hiyo.

Baada ya kazi, utulivu. Tandika blanketi miguuni pako. Kila anapolilalia, weka kipande kidogo cha chakula kati ya miguu yake ya mbele, kimyakimya. Mwanzoni atakaa sekunde kumi. Usimwite, usimshike, endelea kumlipa anapolala na kuacha kumlipa anapoinuka. Fanya hivyo kila siku kwa muda uleule. Siku utakayoona amelaza nyonga moja ubavuni na kushusha pumzi, ujue ameelewa.

Hatua ya 5: Kumfundisha kurudi akiitwa

Pua ikishika harufu, masikio hufungwa. Ndiyo maana filimbi inafaa kuliko sauti: husikika mbali na haina hasira ndani yake. Anza nyumbani. Puliza mlio uleule, mfupi mara tatu, kisha mpe chakula kitamu papo hapo, bila kumwagiza chochote. Rudia kwa siku kadhaa mpaka ageuze kichwa kabla hujamaliza kupuliza. Hamia uani, halafu nje ukiwa na kamba ndefu ya mita kumi iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, maana akifika mwisho wa kamba kwa kasi ataumia.

Usipulize kama huna uhakika atakuja. Usimwite ili kumkaripia, wala usimwite kila mara kwa ajili ya kurudi nyumbani. Mwite, mlipe, mwachie aende tena. Ujana, kuanzia miezi minane hivi, utafuta mengi uliyomfundisha. Rudi kwenye kamba ndefu na usikate tamaa.

Mkono mzito haumfai mbwa huyu. Ukimpigia kelele hujikunja, huacha kujaribu, na huchukua siku kukuamini tena. Kuwa thabiti, sema neno moja kwa jambo moja, malizia somo akiwa bado anataka kuendelea.

Hatua ya 6: Chakula

Mtoto ale mara tatu au nne kwa siku, mbwa aliyekomaa mara mbili. Kiasi hutegemea kazi yake, kwa hiyo tumia mikono badala ya kikombe: ukipitisha vidole ubavuni uhisi mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Kwa Vizsla mwenye afya ni kawaida mbavu za mwisho kuonekana kidogo anapokimbia.

Kifua chake ni kirefu, na mbwa wa kifua hicho wako hatarini kupata tumbo kujaa gesi na kujipinda. Mpumzishe walau saa moja kabla na baada ya kula, asimeze kwa pupa, na usimpe mlo mmoja mkubwa. Ukimwona anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo limevimba na kuwa gumu, anatembeatembea bila kutulia na mate yanamtoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo dakika hiyohiyo. Usingoje asubuhi. Saa chache huamua.

Mambo ya kumweka mbali nayo: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, peremende zenye zailitoli (kiongeza utamu kinachotumiwa badala ya sukari), na mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka ikawa na ncha kali.

Hatua ya 7: Mwili, joto na baridi

Manyoya ni rahisi. Mpitishie glavu ya mpira mara moja kwa wiki, umwoshe anapochafuka tu. Kazi kubwa iko kwingine. Masikio yakaguliwe kila wiki na yakaushwe baada ya kuogelea, kwa sababu yanafunika unyevu. Kucha zikigonga sakafuni, zikate. Meno yapigwe mswaki kwa dawa ya mbwa, si ya binadamu. Ukirudi kutoka vichakani, pitisha mikono mwili mzima: ngozi yake nyembamba huchanika kwa miiba na waya, kupe hujificha masikioni na makwapani, na mbegu za nyasi huchoma katikati ya vidole. Dawa za kupe, viroboto na minyoo zifuate ratiba ya daktari.

Vizsla hajui kujizuia kwenye joto. Atakimbia mpaka aanguke, basi wewe ndiye wa kumsimamisha. Toka naye alfajiri na jioni, beba maji, na weka kiganja chako juu ya lami: kama huwezi kukiacha hapo sekunde saba, naye asipakanyage. Akianza kuhema kwa nguvu isiyo ya kawaida, ufizi ukawa mwekundu sana, akayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, kisha kwa daktari. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 40 hali ni ya hatari. Kwenye baridi kali koti si anasa kwake.

Hatua ya 8: Magonjwa ya kuyajua

Nyonga legevu na kifafa nimevitaja. Upo na ugonjwa wa misuli unaowapata Vizsla, uitwao polymyositis, ambapo kinga ya mwili huishambulia misuli yake yenyewe. Dalili zake ni kushindwa kumeza, mate mengi, na kichwa kukonda juu ya macho. Mara nyingi hudhaniwa kuwa tatizo la koo, kwa hiyo litaje jina hilo mbele ya daktari wako. Ngozi nayo inaweza kupoteza tezi za mafuta, ikawa na magamba na mabaka yasiyo na manyoya. Uvimbe wowote mpya, hata mdogo kama punje ya mtama, upimwe. Saratani za ngozi na za damu zipo katika aina hii.

Kuhusu kuhasi, usiharakishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya taarifa za wamiliki wa Vizsla zaidi ya 2,500, ulikuta kwamba waliohasiwa walipata baadhi ya saratani na woga wa radi kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakuhasiwa. Taarifa za wamiliki hazithibitishi chanzo, lakini zinatosha kukufanya ukae na daktari mjadiliane umri unaofaa. Wengi hungoja mwili ukomae kwanza.

Hatua ya 9: Anapozeeka

Kuanzia miaka minane hivi, mpime damu kila mwaka na umtazame anavyoinuka asubuhi. Fupisha mbio, usifute matembezi. Kuogelea humfaa, maana hakugongi viungo. Weka zulia mahali panapoteleza, na blanketi nene mahali pa kulala. Pua huchelewa kuzeeka kuliko miguu, kwa hiyo endelea kumfichia chakula nyasini, punje kwa punje, karibu na unapokaa.